Miaka Miwili Nimekuwa Nikimshushia Madam Nota

Admin, jina langu lifunike kabisa, maana kule Membley watu wanajuana. Mimi ni mwanaume wa miaka 36, nina mke na watoto wawili, naishi Makongeni na ni mpiga kinanda kanisani. Nimekosa raha kwa sababu ya kitufe kidogo kama punje ya hindi.

Siku za kazi huenda Membley kumpigia kinanda mama mmoja Mromania anayefundisha watoto kuimba. Nitamwita Madam. Kwao alikuwa soprano wa opera, ule uimbaji wa jukwaani ambapo mtu mmoja anajaza ukumbi bila maikrofoni. Aliolewa na kijana wa Thika aliyeenda kusoma huko, wakaja kuishi huku, na sasa mume huyo ametangulia mbele za haki. Kiswahili alifundishwa na mama mkwe, kwa hivyo ukikosea anakufokea, "Haiya! Hiyo ni nini? Rudia!" Mimi nilikuwa napiga kwa kubahatisha tu. Kusoma nota alinifundisha yeye.

Miaka miwili iliyopita aliugua nimonia. Alipopona, sauti ya juu ilikataa kurudi. Kuna wimbo mmoja uliomjengea jina kwao, na kila akifika ile nota ya juu kabisa, sauti inakatika. Siku moja akafunga kitabu, akaniambia, "Waambie wazazi wasilete watoto tena. Mwalimu hana sauti, atafundisha nini?" Akaingia jikoni, nikamsikia akilia.

Wapiga kinanda wa kanisa mnakijua kitufe cha transpose. Ukikibonyeza, muziki wote unashuka au kupanda huku vidole vikicheza palepale. Kiongozi wa sifa akianzisha pambio asiloliweza, hicho ndicho hutuokoa. Basi kesho yake nikamsihi ajaribu tena, nikakibonyeza mara moja tu. Akakwama. Wiki hiyo nikaendelea kushusha kidogo kidogo, hadi siku moja akaifikia ile nota. Masikio yake yamechoka, anavaa kifaa cha kumsaidia kusikia, hakugundua. Alinikumbatia akisema, "Imerudi! Imerudi!" Watoto wakaendelea kuja. Nami kila wakiingia narudisha kitufe mahali pake haraka, kama mwizi.

Nilijiambia ni huruma. Ukweli ni kwamba nilikuwa mjinga.

Binti yake wa pekee anaishi Romania, na kwa muda mrefu amemsihi mama yake arudi kwao. Madam hataki. Mume wake amezikwa huku, na wanafunzi wake wako huku. Mwezi uliopita akamwahidi binti: njoo unisikie nikiimba wimbo wangu mbele ya watu, na nikishindwa, nitafunga sanduku twende bila maneno. Akachagua Jumapili hii, katika ukumbi wa kanisa moja Thika wenye piano ya zamani, ile ya mbao na nyuzi. Piano haina kitufe.

Nilimwomba tubebe kinanda chetu. Akacheka. "Opera na kinanda cha mapambio? Unataka nichekwe?" Nikajaribu kujifunza kuushusha ule wimbo kwa vidole tu, bila kitufe, lakini vidole vyangu vilishazoea kubebwa. Na hata ningeweza, binti alilelewa kando ya piano. Angejua kabla ubeti wa kwanza haujaisha.

Nikamwambia mke wangu. "Ngai! Miaka miwili?" akasema. "Na Sunday utabonyeza wapi, kiti?" Akacheka, kisha akaacha. "Enda umwambie. Leo, si kesho."

Nilienda, haki ya Mungu. Nikamkuta ametoa gauni lake la jukwaani, analipiga pasi, na binti, aliyekwisha kuwasili, ameketi hapo kando. Akanishika bega, akamwambia binti, "Huyu ndiye mtu hajawahi kunidanganya. Wengine wananisifu tu." Maneno niliyoenda nayo niliyameza pamoja na chai.

Jana binti akanisindikiza hadi getini. Akaniambia taratibu, "Wewe ndiwe uko naye kila siku. Kama sauti haijarudi, niambie sasa. Nitasema mimi ni mgonjwa, tufute kila kitu, na hakuna atakayejua." Jamani, Mungu angenifungulia mlango gani zaidi ya huo? Nikageuka, nikamwona Madam dirishani akinipungia mkono na karatasi za wimbo.

Nikajibu, "Imerudi."

Jumapili ni kesho kutwa. Nikimwambia, namnyang'anya sauti yake na mtu anayemwamini, vyote kwa siku moja. Nikinyamaza, nitakaa kwenye ile piano nipige kila nota ilivyoandikwa, vile alivyonifundisha mwenyewe, na kadiri nitakavyopiga vizuri ndivyo atakavyoanguka mbele ya binti yake na wanafunzi wake. Nishaurini ndugu zangu. Nimwambie mimi, ama niiache piano imwambie?