Bima ya mafundi rangi: nilivyoandika majina ya marehemu kwenye fomu

Wakuu, salaam. Wengi wenu tungekutana njiani mngenipa shikamoo, kwa hiyo marahaba, tuendelee.

Nimepita miaka tisini. Akaunti hii alinifungulia mjukuu wangu, ila password nilibadilisha siku ileile, maana hata yeye simwamini sana. Natumia kidole kimoja, mnivumilie.

Juzi kuna mkuu mmoja humu, mkandarasi wa rangi, aliuliza kama aikatie bima biashara yake na mafundi wake. Comments zikajaa: bima wezi, bima matapeli, siku ya kulipa hawaonekani. Mimi pia miaka yote nimeimba wimbo huo.

Leo nataka kusema kitu ambacho hata nyumbani kwangu hawakijui. Sina ninachouza, wala sina link. Na mkifika mwisho mtaona hakuna mtu angejitungia habari kama hii.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza, miaka michache kabla ya Uhuru. Nilikuwa fundi rangi Singida mjini, kijana ambaye hajaoa.

Tajiri wetu wa kazi alikuwa Mzee Kitundu. Ufundi aliupata jeshini wakati wa vita, akipaka kambi za askari, na aliporudi akaanzisha kazi yake mwenyewe. Tulikuwa mafundi watatu chini yake: mimi, Njou na Elia Mkumbo.

Mkumbo alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Alitumia mkono wa shoto, na mkono ule, wakuu, ulikuwa na baraka. Alikuwa anapiga mstari wa dirisha bila kamba wala rula, unanyooka kutoka mwanzo hadi mwisho. Ng'ombe wa mahari alikuwa ameshapeleka nusu, na hao wengine aliwategemea kutoka kwenye mkono huo.

Siku moja Mzee Kitundu akapata kazi kubwa kuliko zote, kupaka maghala ya mfanyabiashara mmoja kule Kinyangiri. Kuta chokaa, milango rangi ya mafuta, mabati ya juu rangi nyekundu. Lakini mwenye maghala akaweka sharti: bila bima ya mafundi, hakuna kazi.

Bima? Hatukuwahi hata kulisikia neno lenyewe.

Agent akaja kutoka Dodoma. Alikuwa Mgoa, yaani Mhindi wa asili ya Goa, mfupi, mpole, Kiswahili chake kizuri kuliko chetu. Mimi nikamtazama viatu. Barabara ile ya kutoka Manyoni ilikuwa vumbi tupu, mtu akishuka kwenye lori hata kope zake ni nyekundu. Viatu vya huyu bwana vinang'aa. Nikajisemea, mtu anayesafiri bila kushika vumbi ni mtu wa kuchunga.

(Baadaye sana nilimwona nyuma ya duka la Mhindi akivifuta kwa kitambaa kabla ya kuingia kwa mteja. Basi, ndiyo siri yote. Lakini siku ile sikuijua.)

Akaanza maswali. Ngazi zenu zina urefu gani? Mnazifunga juu au mnaegesha tu? Nani ameshawahi kuanguka? Sisi tukawa tunajibu kwa mkato, kama watu walioitwa barazani.

Kisha akamgeukia Mkumbo, akamuuliza kwa upole kabisa, "Ukifa kazini, tumlipe nani?"

Mkumbo akaitazama kalamu yake.

Hapa lazima niwaeleze vijana. Singida yetu ile, habari za simba-watu zilikuwa bado za moto. Jirani anakutwa porini amechanwachanwa, watu wanasema simba, lakini minong'ono inasema kuna mtu alikodiwa akavaa ngozi. Na swali la kwanza kwenye kila msiba wa namna hiyo lilikuwa moja: nani amefaidika na kifo hiki?

Sasa anakuja mgeni, viatu vinang'aa, anauliza swali hilohilo wakati mtu bado yuko hai. Anauliza na anaandika!

Mkumbo akajibu kwamba hana mtu. Mama yake alikuwa hai, wadogo zake wako hai, mchumba yupo. Akasema hana mtu.

Agent hakusisitiza. Akamwachia Mzee Kitundu fomu ya majina ya mafundi, kila mmoja na jina la baba yake na kijiji chake, kama yalivyo kwenye risiti ya kodi. Angeichukua kesho yake. Mzee hakujua kusoma, akanikabidhi mimi niliyefika darasa la sita.

Mara tu mzee alipoondoka, Njou akaruka. Risiti ya kodi? Yeye alikuwa anamkwepa karani wa kodi, na alishaona wanaume wakipakiwa kwenda kwenye mashamba ya mkonge baada ya majina yao kuandikwa na mtu mpole. Halafu akatoa wazo lake. Ninalikumbuka neno kwa neno.

"Andika waliokwisha kufa. Maiti hafi mara mbili."

Tulicheka, lakini tulicheka kwa kukubali. Ukituma mabaya kwa jina la mtu aliyeko kaburini, yatampata nani? Njou akatoa jina la babu yake. Mkumbo akatoa la mjomba wake, Msengi, aliyekufa kwa ndui Mkumbo akiwa mdogo. Nikaandika yote kwa mwandiko mzuri wa shule.

Langu nikaandika la kweli.

Sikuwaambia. Wao walimshuku agent peke yake. Mimi nilimshuku agent na niliwashuku wao, nikawaza kwamba uongo huu ukigundulika, angalau mimi niwe mtu safi. Ndivyo nilivyo, wakuu, tangu utotoni naangalia milango yote miwili. Mzee Kitundu akaweka dole gumba bila kujua anachokiwekea. Karatasi yenye mhuri ikarudi, akaihifadhi ndani ya kopo la rangi lililooshwa, akalifunika vizuri.

Kazi ikaanza msimu wa upepo. Anayeijua Singida anajua upepo wetu hauna adabu. Ngazi tuliegesha tu, hatukuifunga juu, ingawa yule bwana alituuliza kuhusu jambo hilohilo.

Mkumbo alikuwa juu anamalizia ukingo wa bati, kopo mkono wa kulia, brashi wa kushoto. Upepo ukaisukuma ngazi kando. Alianguka kwenye mawe, mkono wa shoto ukiwa chini yake, na rangi yote nyekundu ikammwagikia. Tulipomfikia tukawa tunapapasa tu, hatujui ipi rangi na ipi damu.

Tukampakia kwenye lori la karanga mpaka hospitali ya misheni. Mganga akasema mfupa umevunjika mara tatu, na kwamba kuna madaktari mbali, kwenye mji mkubwa, wanaoweza kuutengeneza mkono kama ule, lakini ni matibabu ya gharama.

Mzee Kitundu akafurahi. Kweli alifurahi, maskini, akalifungua kopo lake akatoa karatasi. "Tulikatia bima siku kama hii," alisema.

Mimi nikatoka nje.

Agent akaja upesi kuliko tulivyotegemea. Alikuwa ameshapita kwa jumbe, mkuu wa kijiji. Akamwambia mzee taratibu kwamba kwenye orodha hakuna Elia Mkumbo, kuna Msengi, na Msengi ana kaburi. Kampuni sasa inaona ni sisi matapeli. Mzee Kitundu alinitazama mara moja tu, akainamisha kichwa. Hakunitaja.

Yule bwana akaniita pembeni. Akaniambia jina la kweli kwenye fomu ni moja, langu, kwa hiyo anajua nani aliandika. Lakini kuna njia: twende boma, kwenye ofisi za serikali, niape mbele ya karani wa mahakama kwamba Msengi wa kwenye fomu ndiye Mkumbo aliyeanguka. Yeye atapeleka kiapo Dodoma na atatupigania.

"Nipo Singida mpaka Ijumaa," akasema. "Njoo tu."

Wakuu, nilimtazama viatu tena. Nikawaza, huu ni mtego. Nikiapa nimekiri, nikikiri nimefungwa. Nikamwambia simjui aliyeandika.

Alhamisi nikaenda kujificha Unyambwa kwa shangazi yangu. Nikashinda Ijumaa nzima napura mtama wake, shangazi akinisifu kwa bidii. Jua lilipozama nikajua basi, limekwisha, na nikaona nafuu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: niliona nafuu.

Kampuni ikakataa. Mzee Kitundu akauza ng'ombe wake akamuuguza Mkumbo mpaka walipoisha, na bado hawakutosha kumfikisha kwa wale madaktari. Mkono ukapona umepinda, vidole havikunji. Mchumba akaolewa Nduguti.

Miaka miwili baadaye nilifanya kazi kwa mkandarasi mwingine. Fundi wake alianguka, na jina lake kwenye fomu lilikuwa limekosewa vilevile. Yuleyule Mgoa akaja. Aliyeiandika akaenda boma, akaapa, akarudi akala chakula chake cha mchana. Fundi akalipwa.

Haukuwa mtego.

Mkumbo alijifunza kupaka kwa mkono wa kulia. Mistari yake ilikuwa inayumba, watoto wanamcheka. Baadaye alioa, akazaa, tukazeeka pamoja. Hakuwahi kuniuliza Ijumaa ile nilikuwa wapi, na mimi nilitumia maisha yangu yote kumwambia yeye na kila mtu kwamba bima ni wezi.

Mwaka jana alifariki. Watoto wake wakaja kwangu. Baba yao alisema msalaba wake usiandikwe na mtu mwingine ila fundi mwenzake.

Nikachukua brashi, nikaandika. Elia Mkumbo. Chini yake jina la baba yake, chini tena kijiji chake. Kama yalivyo kwenye risiti ya kodi.

Sasa wewe mkandarasi uliyeuliza: kata. Soma masharti, shuku unavyotaka, hata agent mkague viatu. Lakini majina ya mafundi wako yaandike ya kweli, na likitokea la kutokea, nenda ukaseme kabla ya Ijumaa.

Uwanja ni wenu. Mwenye swali aulize, mwenye tusi asijizuie, nitayasoma yote moja moja. Na kama kuna mtoto wa Mkumbo humu ndani, kijana wangu, nipo nyumbani. Safari hii siendi popote.