Kishada na Kaka Yake

Kabla kaka mtu hajawa fundi bomba alikuwa mshindani wa baiskeli, na aliyemshinda kila mara alikuwa mdogo wake mwenyewe. Mdogo huyo watu walimwita Kishada, maana akiteremka mlima shati lilimfura mgongoni ungedhani upepo unataka kumnyanyua. Nyumbani palikuwa na baiskeli mbili zilizoungwaungwa kwa vipuri vya kuokoteza, na kila Jumapili ndugu hao waligombea nani aongoze.

Jumapili moja, kwenye mteremko wa machimbo ya mawe, kaka mtu alitaka kupita. Magurudumu yakagusana. Yeye alichubuka kiwiko tu. Kishada alivunjika uti wa mgongo, akawa mtu wa kitandani.

Fundi alitundika baiskeli ukutani, akaapa hataigusa tena. Mwezi haukuisha, Kishada akamwita chumbani.

"Kaka, ile baiskeli inaota kutu."

"Iache ioze."

"Sasa tukilala ndani sote wawili, nani ataniambia huko nje kuna nini? Nenda. Ukirudi unisimulie."

Akaenda huku machozi yanamtoka. Aliporudi akasimulia: lami mpya, mbwa wa muuza mbao, baridi inayokata uso ukivuka daraja. Kishada alisikiliza amefumba macho, vidole vikibana breki hewani. Ikawa hivyo kila Jumapili, miaka ishirini na miwili. Siku moja mvua ilimkamata fundi, akajikinga kibandani, na aliporudi akatunga safari nzima ya uongo. Kishada alicheka mpaka akapaliwa.

"Kaka, mlima ule hujawahi kuumaliza bila kushuka kusukuma. Leo umeota mbawa?"

Jambo moja tu hawakuligusa. Kifua kilipoanza kumbana Kishada, na daktari akawa hasemi tena habari ya kupona, fundi alipiga moyo konde.

"Siku ile ni mimi niliyekugonga."

Kishada alivuta pumzi kwa shida. "Nilisikia unakuja, nikakubania njia. Sikutaka unipite."

"Mbona hukusema miaka yote hiyo?"

"Niliogopa ungeacha kuja kukaa na mimi."

Fundi hakujua akasirike au alie. Alishika miguu ya mdogo wake, akaisugua kwa muda mrefu, ingawa alijua haisikii kitu. "Ningekuja tu," alisema. "Ningekuja tu, bwana mdogo." Kishada alifariki Alhamisi, mchana, mama yao akiwa anambadilishia shuka.

Jumapili iliyofuata fundi alitoka na baiskeli. Alifika darajani, miguu ikagoma. Akasimama ameegemea ukingo, malori yakimpita, kisha akageuza. Alikuta mama ameshatoa godoro nje, kitanda kimebaki vyuma vitupu.

"Umefika wapi?" mama aliuliza.

"Darajani tu, mama."

Mama alimsogezea kiti, chakula na maji ya kunawa, naye akanawa, akaanza kula taratibu.