Mpaka wa Chini ya Fizi

Simwamini mtu anayesema "nimeona" bila kuinama. Nimekulia mlimani, kwenye kihamba, shamba la ukoo, kilichopakana na cha baba mdogo, na mpaka ulikuwa mstari wa masale, majani marefu tunayopanda mipakani. Kila msimu wa mvua baba mdogo aliyapanda upya, hatua moja ndani kwetu. Wazee wa ukoo walipoitwa hawakujali majani yaliyonyooka. Walichimba, wakakuta mizizi ya zamani upande wake.

Basi gego langu la kulia lilipovunjika, nilishuka mjini kwa daktari wa meno nikiwa na wasiwasi tele. Ndilo gego pekee nililobaki nalo la kutafunia. Likienda hilo, nyama ya Krismasi nitaisikia harufu tu. Nilitaka livikwe kofia, lile gamba la bandia linalofunika jino.

Daktari, binti wa rika la mwanangu wa mwisho, alinipa shikamoo, akanichoma ganzi, akalichonga jino. Kisha akaniingiza mdomoni kamera nene kama mpini wa jembe la mtoto.

"Siku hizi hatutumii ule udongo wa kung'ata ili kupata umbo la jino, mama. Hii inapima yenyewe."

Kwenye skrini likatokea jino jeupe pee. Meno yangu ni ya kahawia tangu utotoni, kama ya wengi tuliokunywa maji ya huku.

"Hilo si langu," nikasema.

Akacheka. "Rangi si kitu, mama. Tunatafuta umbo."

"Na pale lilipovunjikia, chini ya fizi, umepaonaje?"

Akaitazama tena skrini. "Pale pana damu. Kamera haipenyi damu wala fizi, kwa hiyo mashine imekisia."

"Imekisia! Imejichorea mpaka?" Nilikasirika kwelikweli.

Yeye hakukasirika. Alisema hata yeye ule ukingo uliokisiwa haukumridhisha. Akapenyeza uzi mwembamba kati ya jino na fizi ili fizi isogee, akakausha damu, tukasubiri. Nilijilaza pale nikijisifu moyoni: mzee hadanganywi.

Alipoutoa uzi, aliinama na kioo chake kidogo, akachungulia.

"Mama, pole. Ufa umeshuka mpaka kwenye mzizi. Kofia haitashika. Hili ni la kung'oa."

"Na kama usingechungulia?"

"Ungelitafunia kwa muda, halafu lingeoza kwa ndani."

Machozi yalinitoka, mtu mzima mimi. Nikajipangusa, nikamwuliza kama ile picha ya kwanza, yenye mpaka wa kukisia, bado anayo, na kama kweli haitoshi kutengenezea kofia.