Dakika Arobaini Hadi kwa Mama

Kwa gari, kutoka kwangu Kijenge, mjini, hadi kijijini kwetu upande wa Ziwa Natron ni kutwa nzima, tena kiangazi. Masika makorongo yakijaa, gari usiliwaze. Kwa ndege ni dakika arobaini. Hilo nililijua kwa kusikia tu, mpaka asubuhi ile mdogo wangu aliponipigia simu kuniambia homa ya mama imezidi, hawezi hata kushika kikombe.

Nikapata nafasi kwenye ndege ndogo inayopeleka wauguzi vijijini. Rubani alikubali kurudi na mgonjwa, ila akanionya mapema: "Dada, upepo wa mchana ukianza siwezi kuruka. Nikitua ni nusu saa, basi." Kisha tukakaa kusubiri wingu liondoke Mlima Meru. Nilikaa, nikasimama, nikaenda chooni bila haja. Muuguzi mmoja alinipa karanga, nikazishika tu mpaka zikalowa jasho.

Angani sikuona uzuri wowote. Muda wote nilikuwa nasukuma kiti cha mbele kwa magoti, eti ndege iongeze mwendo.

Tulipotua, baba mdogo alikuwa amesimama ukingoni mwa uwanja, peke yake na fimbo yake. Mama hakuwapo. Nikainamisha kichwa, akanigusa utosini.

"Shikamoo baba mdogo. Mama yuko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Umefikaje?"

Kwetu habari huliwa, yaani huulizwa na kujibiwa moja moja, tena kwa mpangilio: kwanza mvua, halafu malisho, ng'ombe, mbuzi, watoto, majirani. Mgonjwa huja mwisho. Mtu mzima hazivurugi, hata nyumba ikiwaka moto. Siku ile niliichukia desturi hiyo kwa moyo wangu wote.

Mvua ilikuwa njema. Malisho yapo. Ng'ombe mmoja amevunjika mguu. Rubani alitazama saa, akatazama majani yalivyoanza kutikisika.

"Baba mdogo, mama yu hai?" nikapayuka.

Akanikazia macho, kisha akaanza upya na mvua.

Nikageuka nishike njia ya bondeni mbio. Akanizuia kwa fimbo.

"Huko korongo limejaa. Vijana wamembeba mama yako kwa njia ya juu tangu tuliposikia mlio wa ndege. Si ningefika tu kwenye habari za mgonjwa? Una haraka gani?"

Nilitaka kumpiga, nilitaka kumkumbatia. Nikalia.

Walitokea vichakani na kitanda mabegani. Mama alikuwa amekwisha mwili, mashavu yameingia ndani. Tukamlaza sakafuni mwa ndege, nayo ikaruka huku ikiyumba.

"Usimwache alale," muuguzi akaniambia. "Mwongeleshe."

Mama ndiye aliyeanza, kwa sauti iliyonilazimu kuinama: "Mjini kukoje?"

Nikaanza na mvua. Ilivyonyesha Kijenge, ilivyonyesha Ngaramtoni, ilivyokata barabara. Nikaja kwenye mifugo, ingawa kwangu hata kuku sina. Nikataja majirani mmoja mmoja, na walipokaribia kuisha nikawatunga wengine. Niliogopa kufika mwisho. Mlima ulipotokea dirishani nilikuwa kwa jirani wa geti jeusi, nikammaliza kwa maneno mawili kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye mlima.

Mama akafumbua macho.

"Huyo mbona umempita mbio?" akasema. "Anza tena."