Siku Baba Alipomvulia Kofia Meneja

Babu yangu aliletwa Korogwe kama manamba wa kukata mkonge, na hakurudi kwao tena. Baba naye alikata mkonge upande wa Mazinde hadi mgongo ulipomkatalia. Kwa hiyo nyumbani kwetu "meneja" halikuwa jina la kazi. Lilikuwa gari linalopita kati ya mashamba, na baba kando ya njia, kofia mkononi, akingoja vumbi litulie.

Nilipoteuliwa kuwa meneja wa shamba la jirani na lile alilokuwa akikata baba, asubuhi ya kwanza mnyapara alinitambulisha kwa mazoea.

"Huyu ndiye Bwana Meneja wetu mpya."

Wafanyakazi wakacheka. Akajirekebisha haraka: "Mama Meneja."

Mama mmoja wa pale kwenye kuanika singa, zile nyuzi za mkonge, akasema taratibu, "Umama ni wa nyumbani kwake. Hapa ni Meneja, inatosha."

Wenzake wakaitikia. Moyo ulinijaa.

Jumapili nilikwenda Korogwe ya zamani kuwasalimu wazazi. Baba alikuwa ameketi barazani. Aliponiona nashuka kwenye gari la shamba, alishika ukuta, akainuka, akavua kofia.

"Shikamoo baba. Kaa tafadhali, ni mimi."

"Marahaba. Najua ni wewe," alisema. "Nimewavulia kofia mameneja wengi kwa woga. Leo navua kwa kupenda. Usininyime."

Sikumnyima. Nilisimama wima mbele yake, machozi yakinitoka, naye akanitazama kuanzia viatu hadi kilemba bila haraka. Kisha akaketi, akanionyesha nafasi kando yake.

"Sasa niambie. Hivi hasa meneja hufanya nini?"

Nikamweleza. Naamua shamba lipi likatwe na lipi liachwe likue. Korona, ile mashine ya kuchambua singa, ikisimama, mimi ndiye ninayeulizwa. Mkataji akiumia, mimi ndiye ninayeulizwa, na nakwenda kwake kabla sijaenda ofisini. Mvua ikiharibu singa zilizoanikwa, ni mimi pia.

Alisikiliza hadi mwisho, akitikisa kichwa kidogo kidogo.

"Kumbe meneja ni mtu wa kuulizwa," alisema. Kisha akageukia mlango, akampaazia sauti mama aliyekuwa jikoni. "Hebu njoo umsikie mwanao. Shamba zima linamuuliza yeye."