Vitambaa Vina Wenyewe

Kazi yangu ni kushona mablanketi ya vipande, hapa Sumbawanga mjini. Mteja analeta magauni yake ya zamani, mashati ya mumewe, nguo za watoto zilizowabana. Nakata, napanga sakafuni mpaka rangi zikubaliane, kisha naunganisha. Baridi ya huku haininyimi wateja. Nimeshonea watu wengi, na domo la kujisifu ninalo, lakini blanketi nililolihangaikia kuliko yote ni la mama yangu.

Mama alikuwa fundi cherehani kule Mwazye, na ndiye aliyenifundisha. Alikuwa na msimamo mmoja uliotuchosha sisi watoto: kipande chochote kinachobaki baada ya kukata nguo lazima kirudi kwa mteja, hata kama kinatosha kufungia kidonda tu. "Vitambaa vina wenyewe," alikuwa akisema, halafu ananizungusha kijiji kizima na vifurushi.

Mwaka juzi akaanza kusahau. Alianza kusahau sufuria motoni, yakafuata majina ya wajukuu, mwisho akanisahau mimi. Nilijua siku niliyofika nikamwamkia kwa Kifipa, naye akanijibu kwa Kiswahili. Jamani! Tangu nizaliwe mama hajawahi kuniongelesha Kiswahili. Kiswahili chake kilikuwa cha wateja, walimu na wageni. "Marahaba. Karibu ukae. Huko utokako hawajambo?" Niliumia mpaka chai ikanishinda.

Sikukubali, mimi ni mbishi. Nilimwomba wifi yangu, anayekaa naye, afungue sanduku la bati la mama anipe nguo za zamani. Nikaondoka na koti la marehemu baba, kitenge alichoolewa nacho mama, shati la shule la kaka, na gauni langu jeupe la komunyo ya kwanza, alilonishonea yeye mwenyewe. Nilitaka blanketi lile linirudishie mama yangu, basi. Katikati nikaweka kitenge chake, kando yake koti la baba, halafu kaka. Kile cheupe changu nikakiweka juu kabisa, pale patakapogusa shavu lake akijifunika.

Nilipompelekea alilipapasa, uso ukachangamka. Alivitambua vitambaa, kimoja kimoja! "Hili koti la mume wangu," akasema, nami nikamsogelea. Kisha akaniinulia macho makali. "Fundi, nani amekuruhusu kukata vitu vya watu?"

Nikamwambia kwa Kifipa kwamba ni mimi, mwanawe. Akashangaa. "Kumbe na wewe ni Mfipa! Basi ndiyo vibaya zaidi." Wifi aliangua kicheko, nami nikacheka naye huku machozi yananitoka.

Asubuhi yake tulimkuta uani amekaa juani, wembe mkononi, anafumua. Mikono ile iliyokuwa imesahau hata kushika kijiko haikukosea mshono hata mmoja. Wifi alitaka kumnyang'anya wembe, asije akajikata. Nikamzuia. Ningemnyang'anyaje, na mama yuko kazini? Nikakaa pembeni yake nikiokota nyuzi, natazama blanketi langu linarudi kuwa vipande, na haki ya Mungu nililia kama mtoto. Mama akanipa pole kwa adabu, kwa Kiswahili, kama mtu anayempa pole mpita njia aliyefiwa.

Alipomaliza akafunga vifurushi, cha baba, cha kaka na chake. Cha mwisho, kile cheupe, akakiweka mapajani mwangu.

"Hiki ni cha binti yangu. Yuko Sumbawanga, naye ni fundi kama wewe. Ukirudi mjini mpe. Mwambie kitambaa chake hakijapotea, mama yake alikitunza."

"Nitampa, mama."

Akanitazama usoni, akanitazama tena.

"Utamjua tu," akasema. "Mmefanana sana."