Nimepigwa na joka kwa sababu ya adabu zangu

Jamani, leo joka limeniua mara tatu mbele ya mume wangu!

Ameazima kule Makambako gemu la Kijapani alilocheza utotoni. Limetolewa upya: picha zimenawiri, muziki umepigwa upya, hadithi ni ileile.

Akanipa padi ya kuchezea kwa aibu. "Ukiliona la kitoto sema tu, mke wangu. Nitalirudisha."

Moyoni nikaomba nilipende, maana yeye analipenda mno.

Nikaanza. Kila nyumba ya kijiji cha kwenye gemu naingia, nawasikiliza wenyeji, natoka. Kijiji kilipochomwa moto nililia kabisa!

Kisha joka. Chali, mara tatu.

"Mbona hutumii dawa?"

"Dawa zipi?"

"Za kwenye makabati ya watu. Unafungua, unachukua."

"Kabati la mtu? Mwenyewe amesimama pale ananitazama?"

Alicheka mpaka akakaa sakafuni. (Wenzangu, nyinyi mngefungua?)

Akajifuta machozi. "Basi, nilizime?"

"Thubutu! Hawa watu nimwachie nani?"

Akanitazama. Mara ya mwisho kunitazama hivyo, padri alikuwa mbele yetu.